Msaada: kutenganisha herufi moja moja kwenye karatasi za taipureta ili kompyuta izisome

Mjukuu wa Katibu

Habari zenu wakuu, natumaini mko salama. Kuna jambo linanisumbua wiki ya tatu sasa, naombeni wenye uzoefu mnisaidie.

Babu yangu alikuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika kijijini kwetu, alishika kazi vyama viliporudishwa 1982 akakaa mpaka 1991, na karatasi zote za vikao alizitunza kwenye sanduku la bati mpaka leo zipo. Kuna mihtasari ya mikutano, orodha za wanachama na hisa zao, halafu mahesabu ya josho, nani kaleta ng'ombe wangapi, nani kalipa, nani anadaiwa. Zote zimepigwa chapa kwa taipureta na nyingi ni nakala za kaboni kwa sababu nakala za juu zilikuwa zinapelekwa wilayani. Wazee wameniomba niziingize kwenye kompyuta ili mtu akitafuta jina la marehemu baba yake alione, na kuna familia mbili zinavutana kuhusu hisa kwa hiyo namba zikikosewa nitakuwa nimewasha moto badala ya kuuzima.

Nimeskani nukta 300 kwa inchi. Nikageuza kuwa nyeusi na nyeupe kwa Otsu (njia inayojichagulia kizingiti cha weusi), nikatenganisha mistari, halafu ndani ya kila mstari nikawa najumlisha pikseli, yaani vinukta vya picha, nyeusi za kila safu ya wima, pale jumla inapokuwa sifuri nakata. Kwenye mfano wa kitabuni ilikubali vizuri kabisa. Kwenye karatasi za babu imegoma. "Mwenyekiti" na "mwanachama" m na w zimeshikana, "mmoja" inatoka kama kipande kimoja kirefu, vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari chini havikatiki hata mara moja maana ule mstari unajaza kila pengo, na kwenye kurasa ambazo riboni ilikuwa imechoka herufi m inapasuka inakuwa vijiti vitatu.

Nikabadilisha nikajaribu kuhesabu vipande vya wino vilivyoungana. Hapo nukta ya i na ya j inajitegemea, na vumbi nalo linahesabiwa herufi. Nikaweka chujio, chochote chenye pikseli chini ya 50 kifutwe, ukurasa ukang'aa nikafurahi, kesho yake nasoma naona ng'ombe wote wamekuwa "ngombe", alama ya ritifaa imefutwa pamoja na vumbi. Kwenye karatasi za josho hilo neno liko karibu kila mstari.

Sasa wapi pa kukata jamani? Kuna njia ya kujua mpaka wa herufi wakati wino wenyewe umeshikana?

Kodi Usiku

Mkuu mbona unajitesa, siku hizi hatukati herufi. Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, ilianza kampuni ya HP mwaka 1985, ikaachiwa wazi kwa kila mtu 2005, na injini yake ya zamani kweli ilikuwa inakata herufi kama unavyofanya wewe, lakini toleo la 4 la 2018 lilileta mtandao wa neva wa LSTM, yaani programu inayojifunza kwa mifano, unaosoma mstari mzima kwa mpigo bila kukata popote. Modeli ya Kiswahili ipo. Jaribu hivi:

tesseract ukurasa.png matokeo -l swa --psm 6

Na kitu kimoja uangalie, watu wa OpenCV (zana ya kuandikia programu za picha) tunapenda kugeuza picha herufi ziwe nyeupe juu ya nyeusi ili tuhesabu vipande, halafu tunasahau tunaipa Tesseract hivyo hivyo. Irudishe herufi nyeusi karatasi nyeupe kwanza, inaleta tofauti kubwa sana.

Mjukuu wa Katibu

Asante mkuu. Nilikuwa nimeshaijaribu lakini kweli nilikuwa naipa picha iliyogeuzwa, nimerudia sasa hivi na maneno ya kawaida yamekaa vizuri, "mkutano", "wajumbe", "ajenda", yote safi.

Shida iko kwenye majina na hela. Pale wino ulipofifia inaniletea neno zuri la Kiswahili ambalo babu hakuliandika, na kwa kuwa ni neno zuri jicho linapita tu halistuki. Kwenye namba ndiyo hatari zaidi, "1,450/=" mara inakuwa "l,450" mara "450" mara inaongeza tarakimu. Ningekuwa natafuta habari za jumla ningeridhika. Ila hapa nataka kila tarakimu nijue imetoka sehemu gani ya karatasi, mzee akiuliza nimwoneshe kile kipande chenyewe. Ndiyo maana nang'ang'ania kukata.

Matatu_254

Sasa wakuu. Mimi nilifanya ya namba za magari hapa Nairobi na huko vipande vilivyoungana vinatosha kabisa, herufi ni kubwa na zimeachana, kinachosumbua ni boliti ikigusa herufi, na zile pleti za mraba za mistari miwili, ugawanye juu na chini kwanza. Karatasi ya kaboni sijawahi kuigusa. Nafuatilia.

Mama Chapa

Wanangu hamjambo. Mimi mambo ya kodi za kompyuta siyajui, mwanangu wa kiume ndiye amenionesha haya mazungumzo kwa sababu anajua taipureta ndiyo ilinilea. Nilikuwa mpiga chapa ofisi ya serikali miaka 19.

Mnatafuta mpaka wa herufi kwenye wino, kwenye wino hamtaupata. Mpaka uko kwenye mashine. Taipureta ukibonyeza herufi yoyote, iwe i iwe m, kile chuma kinachobeba karatasi kinasogea hatua moja, na hatua hiyo haibadiliki. Ukibonyeza cha nafasi ni hatua hiyo hiyo, nukta hatua hiyo hiyo. Ndiyo maana m na w zimebanwa mpaka zinagusana na jirani, na i na l zimepewa miguu mirefu ili zijaze nyumba yao, ile nafasi ya hatua moja. Karatasi ya kaboni ya tatu au ya nne ndiyo mbaya zaidi, herufi inavimba.

Mashine zetu zilikuwa za aina mbili, pica ambayo inchi moja inaingia herufi kumi, na elite ambayo zinaingia kumi na mbili. Chukua rula pima, utaijua ya babu yako ilikuwa ipi. Kwenda chini ni mistari sita kwa inchi kama hakuacha nafasi.

La pili. Mashine nyingi za zamani hazikuwa na kibonyezo cha moja. Tulikuwa tunapiga l ndogo, na sifuri wengine walipiga O kubwa kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea. Kwa hiyo hiyo "l,450/=" kompyuta haijakosea mwanangu, imesoma kilichopigwa.

La tatu, ukiona rundo jeusi kama xxxxxx, hapo mpiga chapa alikosea akarudi nyuma akafunika kwa x. Usihangaike kusoma kilicho chini, alitaka kisisomwe.

Mjukuu wa Katibu

Shikamoo mama. Nimesoma ujumbe wako mara tatu nimesimama. Nimechukua rula sasa hivi, herufi kumi zinaingia inchi moja kamili. Wiki tatu zote nilikuwa naangalia wino tu.

Mama Chapa

Marahaba mwanangu. Babu yako alikuwa na mashine nzuri, zitunze hizo karatasi usizikunje tena.

Pikseli Mwanza

Mama amemaliza kazi, mimi naongezea tu namna ya kuyaweka kwenye programu, na naomba usome taratibu maana kuna sehemu mbili tatu utakwama usipozijua.

Mwaka 1973 Kenneth Sayre alieleza mtego uliopo kwenye maandishi ya mkono, kwamba neno huwezi kulisoma kabla hujalikata na huwezi kulikata kabla hujalisoma. Watu walihangaika na mtego huo miaka mingi, wengine wakawa wanakata vipande vingi kupita kiasi halafu wanaipa programu ichague ni vipande vipi viungane, na 2006 Alex Graves na wenzake wakaja na CTC, namna ya kufundisha mitandao ya neva, hapo mtandao ukaanza kujifunza mstari mzima bila kuoneshwa mpaka wa herufi. Ni njia nzuri na Kodi Usiku hajakosea. Lakini wewe karatasi zako zinakutoa kwenye huo mtego, kwa sababu mahali pa kukata unapajua kabla hata hujaangalia wino. Pica kwa nukta 300 ni pikseli 30 kila herufi, elite ingekuwa 25. Mstari hadi mstari ni 50.

Ila usiandike 30 kwenye kodi ukaondoka. Skana nazo zinavuta kidogo na karatasi ya miaka arobaini imeshajikunja kivyake. Tafuta mstari mrefu, pima kuanzia herufi ya kwanza hadi ya sitini, gawanya. Ukipata 29.95 itumie hivyo hivyo na desimali yake, maana ukikazania 30 ukifika herufi ya sitini umeshapotea pikseli 3, na kwenye m na w pikseli 3 ndiyo mguu wenyewe.

Kabla ya hapo nyoosha ukurasa. Hili watu wanalidharau. Karatasi ikiinama digrii moja tu, mstari wa pikseli 1,800 unashuka pikseli 31 ukifika upande wa pili, zaidi ya nusu ya nafasi ya mstari. Na kwa wima ni mbaya zaidi, kutoka juu hadi chini ya ukurasa gridi yako, ile mistari inayogawa nyumba za herufi, inahama karibu nyumba mbili nzima. Mimi huwa nazungusha picha kidogo kidogo, robo ya digrii, naangalia ni pembe gani mistari inajitenga kwa ukali zaidi, halafu narudia kwa hatua ndogo zaidi kuzunguka pembe hiyo.

Otsu iache. Ni njia ya 1979 na ni nzuri kwa ukurasa wenye mwanga sawa, lakini inatafuta kizingiti kimoja kwa ukurasa mzima, kwa hiyo pale karatasi ilipomwagikiwa chai au mkunjo ulipopita panakuwa peusi pote na herufi zinazama humo. Tumia Sauvola, ya mwaka 2000, inapima kizingiti kwenye dirisha dogo kuzunguka kila pikseli. Imo tayari ndani ya scikit-image, maktaba ya picha ya lugha ya Python, dirisha liwe namba witiri, anza na 51.

Mstari wa chini ya vichwa vya habari unauondoa peke yake. Chukua picha nyeusi-nyeupe, tafuta kila wino ulionyooka kwa ulalo bila kukatika pikseli 80 na zaidi, hakuna herufi yenye urefu huo, ukishaupata uutoe kwenye picha. Mikia ya g, y na j itakatika palipokuwa na mstari, izibe kwa kuunganisha wima pikseli tatu nne.

Halafu mihuri. Naomba kama uliskani bila rangi urudie kwa rangi. Muhuri wa bluu au wa zambarau ukitazama chaneli ya bluu, yaani sehemu ya bluu ya picha, peke yake unafifia unaacha herufi. Lakini karatasi iliyopauka njano chaneli hiyo hiyo inaifanya kuwa nyeusi, kwa hiyo itumie pale kwenye muhuri tu, kwingine kote tumia nyekundu.

Sasa gridi. Ukingo wa kushoto ulikuwa unashikwa na kizuizi cha mashine, kwa hiyo mistari yote ya ukurasa inaanza nyumba ileile au inaruka nyumba kamili kwa aya. Tafuta mwanzo mmoja kwa ukurasa mzima usitafute kwa kila mstari, mistari mizima ndiyo inayoisaidia ile iliyochakaa. Kila mpaka uuruhusu usogee pikseli 2 kushoto au kulia utafute penye wino kidogo zaidi, usiuruhusu zaidi ya hapo. Hapo "mw" itakatika hata kama imegandana kabisa, na m iliyopasuka vijiti vitatu itabaki nyumba moja kwa sababu hauhesabu vijiti, unahesabu nyumba.

Ukishapata nyumba, kila moja ni kapicha ka pikseli 30 kwa 50. Ukurasa wa herufi 60 kwa mistari 45 ni nyumba 2,700. Kaa chini na kurasa mbili uzitambulishe kwa mkono wewe mwenyewe, ni jioni mbili za kazi, una mifano zaidi ya 5,000 ya mashine ileile, riboni ileile, na mtandao mdogo sana utajifunza hizo herufi kuliko modeli yoyote ya kupakua.

Matatu_254

Hii ya kutotafuta mwanzo wa kila mstari peke yake nimeipenda. Swali, mtu akitoa karatasi kwenye mashine akairudisha kusahihisha?

Mama Chapa

Ikitoka hairudi palepale mwanangu. Hata mzoefu inamkataa kidogo.

Pikseli Mwanza

Ndiyo hivyo. Ukiona sehemu ya ukurasa mipaka yote inavuta upande mmoja mpaka inagonga ile ruhusa ya pikseli 2, jua karatasi ilitolewa ikarudishwa, hapo ianzishie gridi yake.

Nilisahau jambo moja, Kiswahili chenyewe kinakusaidia kukagua. Herufi c kwetu haitembei bila h. Kwa hiyo ukiona "mwenyckiti" hiyo c ni e iliyopoteza kijiti cha katikati. Neno likiishia na c, ni e au o iliyovunjika maana maneno yetu yanaishia na irabu. Na wale wanaosoma vitabu vilivyochapwa, ambako hakuna gridi, "rn" ni m iliyokatwa vibaya na "vv" ni w. Tahadhari ni h na "li" pekee, hapo sarufi haikuokoi, "li" imejaa kila mahali.

Ila majina ya watu yaachie. Bernard ana rn ya halali, Ernest pia. Neno likianza na herufi kubwa katikati ya sentensi sheria hizi zizime, mpelekee binadamu aangalie.

Kodi Usiku

Nakubali mkuu, kwa kesi hii gridi inashinda. Ningeshauri tu azitumie zote mbili, mstari mzima asome kwa Tesseract, nyumba nyumba asome kwa huo mtandao mdogo, zikikubaliana apite, zikipishana ndiyo aende kuangalia karatasi. Itampunguzia macho.

Mjukuu wa Katibu

Wakuu nimerudi, siku nne zimepita. Nimefanya karibu yote.

Hatua yangu nimepata 29.95 kweli, bahati ya ajabu, pikseli 1,797 kwa herufi sitini. Kurasa mbili nimezitambulisha kwa mkono kama ulivyosema, ilinichukua jioni tatu. Mihuri imetoka kwa ile ya bluu isipokuwa mmoja mwekundu, huo niliutazama kwenye chaneli nyekundu ukapotea. Namba nimeweka sheria ya mama, l au O ikizungukwa na tarakimu, koma au "/=" inahesabiwa moja au sifuri, lakini kapicha kake nakahifadhi pembeni ya namba. Na wazo la Kodi Usiku nalo nimelitumia, zikipishana mstari unawekwa rangi.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni ng'ombe. Lile chujio langu la pikseli 50 nililitoa nikaweka dogo zaidi, bado kwenye kurasa zilizofifia ritifaa nyingine hazionekani hata kwa jicho, kaboni haikuzipokea. Nikawa natazama mstari mmoja wa machi 1984 kwenye gridi, nyumba kwa nyumba: n, g, nyumba tupu, o, m, b, e. Nyumba saba. Ritifaa ilipigwa, mashine ikasogea hatua yake, wino ndio haukufika, ila nafasi yake imebaki wazi pale katikati. Na hakuna neno la Kiswahili linaloishia na ng ili useme hiyo ni nafasi ya kutenganisha maneno. Nimeweka sheria, ng ikifuatwa na nyumba moja tupu halafu irabu, rudisha ritifaa. Ng'ombe wamerudi, na "ng'ambo ya mto" nayo imerudi, ilikuwa "ng ambo".

Nimebakiwa na orodha ya hisa ya 1986, ile yenye ugomvi. Hiyo kuna marekebisho ya kalamu juu ya taipu, babu alikata namba akaandika nyingine pembeni na kuweka sahihi.

Pikseli Mwanza

Safi sana. Kalamu usiikate kwa gridi, haina hatua. Hizo nyumba ziache na picha yake, iliyopigwa na iliyoandikwa kwa mkono zikae pamoja, na usiingize namba yoyote mpaka wazee wameiona.

Mama Chapa

Na ukiwapelekea chukua karatasi yenyewe, isiwe picha tu. Igeuze nyuma waipapase, herufi ya taipureta inaacha alama kwenye karatasi. Hata pale wino ulipofutika, ukiilaza chini ya taa ya pembeni utaona l na 7 zilipogonga.

Mjukuu wa Katibu

Mama hilo sikulijua. Hizi ni za kaboni, zitakuwa na alama pia?

Mama Chapa

Ya kwanza chini ya kaboni ndiyo, kidogo. Ya nne hapana. Jaribu usiku na tochi ya simu, iweke ubavuni mwa karatasi usiishike juu.